Mengineyo: historia fupi ya kuchangia wenye maafa kwa simu

Najua niliahidi kuendelea na mada yetu ya hifadhidata, na nitaendelea nayo Mungu akipenda. Lakini leo naomba tuiweke kando kidogo. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu mwaka 2023, na kila nikitaka kuliandika naahirisha. Leo nimekaa chini niliandike nilimalize.

Wenyeji wa Mombasa, hasa sisi tunaokaa ng'ambo ya kisiwa, yaani Kisauni, Likoni na Changamwe, tunaikumbuka mvua ya Oktoba hadi Desemba 2023. Ilikuwa mvua ya El Niño, na mwaka ule maji ya Bahari ya Hindi upande wetu wa magharibi yalikuwa na joto kuliko kawaida. Mambo hayo mawili yakikutana, Afrika Mashariki hupata mvua kupita kiasi. Kuanzia Mandera na Garissa hadi Tana River, Kwale na Mombasa watu walihama makwao, na nchini kote watu zaidi ya 100 walifariki. Mtaani kwetu Kisauni hakufa mtu, tunashukuru. Lakini maji yaliingia ndani usiku, na kulipokucha kila ukuta ulikuwa umeegemezwa godoro lililolowa chapachapa.

Nikafanya ambalo kijana yeyote wa rika langu angelifanya. Nikachukua simu, nikaandika ujumbe, nikaweka namba yangu ya M-Pesa, nikautuma kwenye makundi ya WhatsApp: la majirani, la niliosoma nao chuo kikuu na la jamaa zetu walioko Ghuba. Kwa siku 5 simu haikunyamaza. Watu 164 walituma jumla ya shilingi 148,300. Wiki moja baadaye nikaandika hesabu kwa ufupi: magodoro 24 shilingi 76,800, unga na mchele na maharagwe 38,600, blanketi 30 shilingi 18,000, mengineyo 14,900. Nikaongeza "Mungu awabariki", nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi nikakuta mtu ameandika, "Kijana wa kompyuta mwaka huu atamaliza nyumba yake," na chini yake vikatuni vya kucheka kama ishirini. Na mzee mmoja wa mtaani, karani mstaafu wa bandarini, alikuwa ameandika maneno matatu tu: "Mengineyo ni nini?"

Nilikasirika sana. Nilikuwa nimebeba magodoro kichwani kwenye maji ya magoti! Nikatoka kwenye kundi bila kuaga. Lakini hasira ilipopungua nikabaki na swali. Je, hii ni tabia yetu ya kutoshukuru, au kuna kitu kilichotokea kati ya Wakenya na michango ambacho mimi, mwenye digrii yangu ya sayansi ya kompyuta, sikukiona? Nikaanza kusoma. Niliyoyapata ndiyo haya.

Wakati wa daftari

Kuchanga si jambo lililokuja na simu. Neno harambee lilikuwa mwito wa watu wanaovuta kitu kizito kwa pamoja, na Jomo Kenyatta alilifanya mwito wa taifa mwaka 1963. Liko hata kwenye nembo ya taifa. Shule, zahanati na karo ngapi zimetokana na harambee? Haziesabiki. Na huku kwetu, mtu akifiwa au akiunguliwa, kofia huzungushwa msikitini au kikapu kanisani, na jirani mmoja hukaa mlangoni na daftari.

Naomba tulitazame daftari lile kwa jicho la mwana teknolojia. Ni mfumo. Pesa zinaingia mbele za watu, jina na kiasi vinasomwa kwa sauti. Anayezishika anajulikana, na kesho utakutana naye dukani. Anayepewa yuko hapo hapo, na mkitaka kujua kama amepewa mnatazama paa lake. Yaani aliyetoa, aliyeshika na aliyepokea wote wako uwanja mmoja, wanaonana.

Sisemi wakati wa daftari watu walikuwa malaika. Harambee iligeuzwa jukwaa la wanasiasa, wengine wakilazimisha watu kuchanga kupitia kwa machifu. Ndiyo maana sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 ikawabana maafisa wa serikali katika mambo ya harambee. Lakini wizi wa harambee ulikuwa na mashahidi. Watu walijua nani kala.

Bahari ilipokuja

Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko lilitokea chini ya bahari karibu na Sumatra, na mawimbi yake yakavuka Bahari ya Hindi hadi kwetu. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Ninachokumbuka ni kwamba tulikatazwa kwenda pwani siku ile na hatukuambiwa kwa nini. Kumbe fukwe zilikuwa zimefungwa, kwa sababu habari zilitangulia kabla ya maji. Kenya alikufa mtu mmoja, Tanzania watu wasiopungua 10, na Somalia, ambako kijiji cha wavuvi cha Hafun kilipigwa vibaya, karibu watu 300. Kwa jumla katika nchi zote walikufa watu wapatao 230,000.

Tsunami ile ndiyo iliyofungua ukurasa mpya wa kuchanga kwa intaneti. Duka la Amazon liliweka kiungo cha mchango kwenye ukurasa wake wa kwanza, na kwa muda mfupi likakusanyia Msalaba Mwekundu wa Marekani zaidi ya dola milioni 10 kutoka kwa watu waliokuwa wamekaa majumbani kwao. Hakukuwa na daftari wala uwanja. Ilikuwa kubofya tu.

Na hapo hapo likazuka swali jipya. Mwanzoni mwa Januari 2005 shirika la madaktari la MSF lilitangaza kwamba pesa zilizoingia kwa ajili ya tsunami zinatosha kazi yake, kwa hiyo watu waache kutuma kwa jina hilo na wachangie maafa mengine. Mashirika mengine yakalilaumu kwamba linawavunja watu moyo wa kutoa. MSF ikaenda mbali zaidi: ikawaandikia waliochanga kuomba ruhusa ya kuzitumia pesa zao kwingine. Wengi sana wakakubali.

Nililisoma jambo hili mara mbili. Shirika lililosema wazi "zinatosha" ndilo lililolaumiwa! Lakini tazama lilichokifanya. Lilichukulia kwamba pesa iliyotolewa kwa jambo fulani bado ina mwenyewe, na ukitaka kuibadilishia kazi lazima urudi kumuuliza. Kwenye daftari hilo ni rahisi, unasimama unawauliza watu waliokaa mbele yako. Kwenye intaneti inabidi umtafute kila mmoja alipo.

Simu inakuwa benki

Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa, na hadithi hiyo mnaijua. Kwanza ilikuwa ya kutuma pesa nyumbani, kisha ikaja Paybill, ambapo kampuni au shirika linapata namba yake na wateja maelfu wanalipia hapo. Hakuna aliyekaa akaibuni kwa ajili ya maafa, ilikuwa ya kulipia stima na bidhaa. Lakini ukifikiria, namba ya kulipia stima na namba ya kuchangia wenye njaa ni mfumo ule ule.

Dunia nayo ilikuwa inaelekea huko huko. Januari 2010 Haiti ilipopigwa na tetemeko, Wamarekani walituma ujumbe mfupi wa simu, kila ujumbe dola 10, na kwa njia hiyo peke yake Msalaba Mwekundu wa Marekani ukapata zaidi ya dola milioni 30. Miaka 5 baadaye, mwaka 2015, waandishi wa ProPublica na wa redio ya NPR waliuliza zile pesa zote za Haiti, karibu dola milioni 500, zilifanya nini. Wakaandika kwamba nyumba za kudumu zilizojengwa ni 6. Shirika lenyewe likajibu kwamba limesaidia watu wengi kwa njia nyingine, kama kukarabati nyumba na kulipia kodi za pango. Inawezekana wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli. Lakini aliyetuma dola 10 akidhani ananunua tofali hakuwa ameambiwa habari ya kodi ya pango.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2011 ukame uliikumba Pembe ya Afrika. Nchini Kenya watu wapatao milioni 3.75 walihitaji msaada wa chakula, na Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa katika sehemu za Somalia Julai mwaka huo. Picha kutoka Turkana zilipoonyeshwa kwenye televisheni, msemaji wa serikali wa wakati ule, Alfred Mutua, alikanusha kwamba kuna aliyekufa kwa njaa. Watu walikasirika mno. Tarehe 27 Julai ukazinduliwa mchango wa Kenyans for Kenya, ukiongozwa na Wakfu wa Safaricom, Wakfu wa KCB, chama cha wenye vyombo vya habari na Msalaba Mwekundu wa Kenya. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 kwa mwezi mmoja.

Mimi nilikuwa bado shuleni. Mwalimu alipita na bahasha nikatoa shilingi 20 ya maandazi, na jioni nikamwona mama akibonyeza simu yake, ananong'ona namba huku anabonyeza asije akakosea. Nchi nzima ilikuwa inafanya hivyo. Lengo likapitwa. Ilikuwa mara ya kwanza Wakenya wa kawaida, wengi wao wenye kipato kidogo, kujikusanyia fedha nyingi namna ile kwa simu bila kungoja wafadhili.

Lakini hata wakati ule, katikati ya furaha, wapo waliouliza. Tunalipa kodi, kwa nini tuchange tena? Ukame hauji usiku kama mwizi, unaonekana miezi mingi kabla, kwa nini hakukuwa na akiba? Na baadaye, sehemu ya fedha ilipopelekwa kwenye miradi ya maji na kilimo ili ukame ujao usiwakute watu vile vile, wengine wakauliza kama hicho ndicho walichochangia. Kwa maoni yangu ilikuwa akili nzuri kuweka fedha kwenye kilimo. Hata hivyo swali halikuwa la kipumbavu. Mama yangu alichangia uji wa mtoto aliyemwona kwenye televisheni.

Akaunti mbili, jina linafanana

Tuvuke mpaka kidogo, kwa sababu kisa cha Kagera kinatufaa. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitikisa mkoa wa Kagera, Tanzania. Watu wasiopungua 17 walikufa na maelfu ya nyumba zikaharibika, hasa Bukoba. Serikali ikafungua akaunti ya michango kwa jina la Kamati Maafa Kagera. Watanzania walichanga, kampuni zikachanga, mabalozi wakachanga.

Kabla mwezi haujaisha, Rais John Magufuli aliwafukuza kazi maafisa wa juu wa serikali mkoani humo waliodaiwa kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na la kwanza ili michango iingie huko, na wakafikishwa mahakamani. Sitawahukumu hapa, hiyo ni kazi ya mahakama. Nataka tulitazame hilo dai kama watu wa mifumo. Mtu anayetuma pesa kutoka Mwanza au London anaona nini? Anaona jina na namba, basi. Ukiweka jina lile lile juu ya namba nyingine hawezi kutofautisha. Sisi kwenye kompyuta tumehangaika miaka mingi na tovuti bandia za benki, na hapa tunakuta shaka ile ile kwenye mchango wa maafa.

Jambo la pili ndilo lililowaumiza watu zaidi. Januari 2017 Rais alifika Bukoba akasema serikali haikuleta tetemeko na haitamjengea mtu nyumba, fedha zitatengeneza shule, hospitali na miundombinu ya umma. Waliotetea wakasema shule ni ya wote. Waliolalamika wakasema sisi tulichangia walioangukiwa na nyumba. Unaona? Ni swali lile lile la Haiti na Turkana. Pesa zilipoingia hazikuwa na maelezo ya kazi yake yaliyokubaliwa na pande zote, na zilipotoka kila mtu alikuwa na maelezo yake kichwani.

Imani inapoisha

Machi 2019 njaa ikarudi Turkana na Baringo. Picha zile zile, na viongozi wa serikali wakakanusha vile vile kwamba kuna waliokufa. Watu wakaanzisha hashitegi ya WeCannotIgnore mtandaoni. Safari hii hasira haikugeuka kuwa mchango kwa wepesi wa 2011. Watu waliandika: tulichanga miaka 8 iliyopita, mbona watoto ni wale wale? Mwaka 2021 ukame ukatangazwa tena kuwa janga la taifa, na swali likarudi.

Kwa hiyo mimi nilipotuma namba yangu Novemba 2023, sikuwa naanza kwenye ukurasa mtupu. Nilikuwa naomba pesa kwa watu waliokwisha kuchanga kwa miaka 12 na kuuliza maswali ambayo mengi hayakujibiwa. Yule aliyesema namalizia nyumba hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama wote walionitangulia.

Nilichokikosea

Baada ya kusoma haya yote nilikwenda kwa yule mzee. Nilimkuta barazani na kahawa yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umenuna kumbe."

Nikamwambia nimeumia, nimefanya kazi ya bure na nimeitwa mwizi. Akaniacha nimalize.

"Mimi sikusema umeiba," akasema. "Mimi nimeuliza mengineyo ni nini. Nimeandika vitabu vya mizigo miaka thelathini. Mtu akiandika mengineyo ujue amechoka, au hajui, au hataki ujue. Wewe ni yupi katika hao?"

Nilikuwa nimechoka. Lakini kutoka nje, mtu angejuaje? Hiyo mengineyo ilikuwa sehemu moja ya kumi ya fedha zote. Tukakaa tukaipasua: kukodi pampu ya kuvuta maji siku 2 shilingi 7,000, tuktuk na mkokoteni 4,150, dawa ya kutibu maji 2,000, ada za M-Pesa 1,150. Jumla 14,300. Tukarudia. 14,300. Shilingi 600 hazikuonekana.

Nilizitafuta kwenye jumbe zote za simu. Shida ni kwamba nilitumia namba yangu mwenyewe, kwa hiyo pesa za mafuriko zilikuwa zimechanganyika na za mshahara, za kodi na za vocha. Huenda nililipa blanketi moja zaidi, maana blanketi ilikuwa 600. Huenda nilinunua chakula nikasahau. Nilizirudisha kutoka mfukoni mwangu, na mzee akaandika kwenye karatasi, "600, hazikupatikana, zimelipwa na mwekaji." Nilimwomba aandike "blanketi". Akakataa. "Hatujui kama ni blanketi," akasema.

Jamani, mimi ninayewaandikia wateja mifumo ya malipo, ninayewahubiria humu kila siku umuhimu wa kuhifadhi kumbukumbu, nilishika pesa za watu bila hata karatasi ya Excel. Tena baadaye nikajua kwamba sheria yetu ya makusanyo ya umma, Sura ya 106, inataka kibali kwa mtu anayekusanya michango kwa umma. Sikujua hata kama ipo. Mwaka 2024 ulipelekwa bungeni mswada mpya wa kuibadilisha sheria hiyo, na kila anayeanzisha mchango afadhali aufuatilie.

Upande mmoja wa bomba

Sasa tuje kwenye ufundi, ndio kazi yetu humu.

Tangu 2017 Safaricom ina mfumo wa Daraja unaomwezesha msanidi programu kuunganisha programu yake na M-Pesa. Mtu akilipa kwenye Paybill yako, seva yako inapokea taarifa papo hapo: namba ya muamala, kiasi, saa, na kile alichoandika kwenye nafasi ya akaunti. Namba ya simu ya mlipaji siku hizi huja imefichwa, na ni vizuri. Kwa maneno mengine, upande wa kuingia umekamilika. Kila shilingi ina alama yake, kuliko hata daftari.

Upande wa kutoka je? Pesa ikitoka kwenye namba ile ikanunua magodoro, mfumo unajua tu kwamba imekwenda kwa muuza magodoro. Godoro limefika kwa nani, hakuna seva inayojua. Karibu kila tulichobuni kwa miaka 20, kuanzia kiungo cha Amazon hadi Paybill, kilirahisisha kutoa. Tulimwondoa mtoaji uwanjani, tukamsahau huko aliko bila cha kumwonyesha.

Wengi hudhani dawa ni picha. Mimi pia nilidhani hivyo, kwa sababu kwenye kundi watu walidai, "Tuonyeshe picha za waliopewa." Nikaenda na simu kwa mama mmoja, mjane, jirani wa nyumba ya tatu. Akaniambia, "Mwanangu, godoro nalitaka, picha siitaki." Nikaona aibu. Wanawe wanasoma, kesho picha itazunguka shuleni kwao. Na tangu 2019 tuna sheria ya kulinda data binafsi, ambayo sisi wa kompyuta ndio tunapaswa kuwa wa kwanza kuiheshimu. Mtoaji ana haki ya kujua na mpokeaji ana haki ya kusitiriwa, na zote mbili ni za kweli.

Tulichokifanya hatimaye ni kitu kidogo. Kila nyumba ilipewa kadi yenye namba, bila jina. Orodha iliyotumwa kwa wachangaji ilionyesha namba ya nyumba na ilichopewa. Mwenye kadi namba 17 akiona imeandikwa godoro mbili na yeye amepata moja, atasema. Daftari lenye majina halisi lipo, lakini lipo kwa watu watatu wa mtaani wasio ndugu, na mchangaji mwenye shaka anaweza kwenda kuuliza kwao. Risiti zinapigwa picha siku ile ile. Mchango una namba yake peke yake, hauchanganyiki na mshahara wa mtu. Na ujumbe wa kwanza kabisa, kabla ya kuomba hata shilingi, unasema: pesa hizi ni za kitu fulani, zikibaki zitafanya kitu fulani.

Mei 2024, mafuriko yalipowakumba watu wa Tana River, mtaa wetu ulichanga tena kwa utaratibu huu. Tulipata pesa kidogo kuliko 2023. Lawama pia zilikuwepo. Mmoja alisema kadi za namba ni njia mpya ya kuficha wizi, na tulimpa majina ya wale watatu akaenda akawauliza. Mwingine alisema serikali ndiyo ilipaswa kufanya kazi hii, na huyo hatukuwa na jibu la kumpa kwa sababu anasema kweli. Mwenye dhamana ya mitaro, barabara na akiba ya chakula si kijana mwenye simu Kisauni. Mchango unanunua godoro, hauchimbi mtaro. Nikiombwa kuchanga kila mvua inaponyesha bila kuuliza mtaro uko wapi, basi na mimi nasaidia mtaro usichimbwe.

Kwa hiyo nimebadilisha mawazo kuhusu wakosoaji. Si wote wanaouliza kwa nia njema, na yule wa vikatuni vya kucheka hajawahi kutoa hata shilingi 10, nimeangalia. Lakini zamani daftari liliposomwa palikuwa na umati unaosikiliza, na mtu angeweza kunyanyua mkono akasema hilo si sahihi. Tulipohamishia mchango kwenye simu, umati ule haukuhama nao. Wanaouliza leo ndio waliobaki, na wanauliza kwa ukali kwa sababu wako mbali.

Mshika hesabu wa mchango wa 2024 alikuwa yule mzee wa bandarini. Nilimwomba mwenyewe. Alikubali kwa sharti moja, kwamba kwenye programu yangu kusiwe na mahali pa kuandika "mengineyo". Nimeitoa. Ukijaribu kuhifadhi matumizi bila kusema ni ya nini, programu inakataa.

Programu yenyewe ni ndogo, na jedwali lake la kutoka ni refu kuliko la kuingia. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, na nitaitumia kama mfano. Hadi hapo, kaeni salama, na mvua ikianza toeni vitu chini.